Boriti ya Mkulo na Benchi la Barazani

Mwezi uliopita nilipanda Lushoto kwenda kuiona nyumba ya Bibi, na kabla sijatua hata kikapu, mtoto wa kaka yangu akanipokea barazani na simu mkononi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, baba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Shangazi, hii nyumba imechoka."

"Imekwambia?"

Akacheka kwa adabu, akanionyesha picha kwenye simu. Nyumba ya bati la buluu, madirisha ya alumini, na mbele nguzo nne nene kama za benki, utadhani watu wanakwenda kuweka fedha humo na si kulala. Nikamwambia nzuri. Kweli ilikuwa nzuri. Kisha kijana akafanya kosa moja. Akakunja kidole, akagonga mwimo wa mlango, ko, ko, kama mtu anayepiga hodi kwa mgonjwa mahututi, halafu akatikisa kichwa.

Ndugu yangu unayesoma, mimi ni mtu wa kucheka. Kidato cha nne nimekimaliza kwa masomo ya jioni, mtoto mgongoni na daftari gotini, na hata kwenye mtihani wa hesabu nilicheka mpaka msimamizi akanionya. Lakini mtu akiigonga nyumba ile huku akitikisa kichwa, meno yangu yote hurudi ndani. Kugonga mti kuna elimu yake. Mimi niliipata nikiwa na miaka tisa, na niliilipia kwa machozi. Sogea nikusimulie.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe hadi kiunoni, na kutoka hapo kwenda juu ilikuwa fremu ya mbao iliyojazwa udongo. Babu aliijenga. Alikuwa mpasuaji mbao, wale waliokuwa wakisimama mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni, msumeno katikati, na vumbi lote likimshukia wa chini. Ndani, boriti moja ya mkulo ilikatiza kutoka ukuta wa mbele hadi ukuta wa nyuma, ikabeba dari nzima. Unaujua mkulo? Ule mti wa msituni kwetu unaonukia kama kafuri. Babu alisema boriti ile waliibeba watu kumi na wawili kutoka Magamba. Bibi alikuwa akisema ishirini. Mimi wanangu nawaambia arobaini, na mvua ilikuwa ikinyesha.

Ilipofika nyumbani, boriti ilikuwa ndefu kuliko nyumba. Babu akakata kile kipande kilichozidi, urefu wa watu watatu waliobanana, akakiwekea mawe mawili barazani kikawa benchi. Kila aliyepita alikaa pale. Jirani akija kuomba moto, mwalimu akija kushtaki, posa zikija, habari za msiba zikija, wote waliketi kwanza kwenye mkulo ule, na kwa miaka yote hiyo makalio ya kijiji kizima yaliusugua mpaka ukang'aa kuliko meza ya mkuu wa wilaya.

Jiko lilikuwa ndani, katikati ya nyumba, mafiga matatu chini ya ile boriti. Moto haukuzimwa. Asubuhi ungeamka na ukungu umelala mlangoni kama ng'ombe, baridi inakung'ata masikio, lakini ndani kuna chungu cha makande kinachotokota pole pole, pu, pu, pu, na moshi unapanda darini kupitia nafasi za mbao. Darini kulikuwa na mahindi ya mbegu, maharage, na maboga yaliyopangwa kama vichwa vya wazee wanaosikiliza mkutano. Moshi ulikausha yote hayo. Boriti ilikuwa nyeusi tii, inang'aa masizi. Nikikohoa na kulalamika macho yananiuma, Bibi alikuwa na jibu lake lile lile: "Vumilia. Boriti inakula."

Nilidhani ni utani wa wazee.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wewe uliyekuwepo unakumbuka. Madukani kulikokuwa na chumvi na mwenye duka tu, ghafla kukawa na sabuni za rangi saba, betri, khanga za kuchagua, na mitumba ikapanda mlima kwa marobota. Mwanamke wa jirani alivaa koti la baridi la manyoya kwenda kupalilia viazi. Baba Mkubwa, mtoto wa kwanza wa Bibi, alikuwa wa kwanza pia kuikimbilia ruksa. Alianza na matenga ya kabichi na pea, akapata lori, akafungua duka kule bondeni Mazinde, na tumbo likafunguka pamoja na duka. Alimpenda mama yake, hilo usilitilie shaka. Ndiyo maana akataka kumfanya wa kisasa.

Alikuja na mafundi wake wa haraka haraka. Wakatoa mafiga nje, wakamjengea Bibi kibanda cha jiko uani. Wakasugua boriti kwa maji ya sabuni mpaka masizi ya miaka yote yakatiririka mlangoni kama wino. Wakaipaka chokaa. Chini ya dari wakagongelea siling bodi, nyeupe, safi. Tukasimama mdomo wazi. Mimi nilizunguka kijiji nikiwaambia watoto wenzangu kwamba kwetu sasa ni hoteli.

Bibi alitazama juu akasema, "Mmemvua nguo mzee kwenye baridi." Hakuna aliyemsikiliza.

Ukungu wa Usambara haupigi hodi, ndugu yangu. Unaingia, unakaa, unalala na wewe. Zamani ulikuwa unakutana na moshi na kufukuzwa. Sasa ulikuta nyumba baridi, ukajilaza juu ya siling bodi ambako hakuna jua wala moto, na pale nyuma ambapo bati lilikuwa na tundu, maji yakadondoka kidogo kidogo juu ya kichwa cha boriti bila mtu kuyaona. Wadudu wa mbao nao wakapata habari. Baada ya masika mawili ukawa unasikia usiku krrr, krrr, kama mtu anatafuna biskuti juu yako, na asubuhi unakuta mstari wa unga mweupe sakafuni.

Bibi alijua. Aliufagia kila alfajiri kabla ya watu kupita na kunionya: "Ya nyumbani yakae nyumbani." Nikasema ndiyo, Bibi.

Sasa kumbuka mdomo niliozaliwa nao. Siku moja Baba Mkubwa alikuja akakaa barazani, nikamletea chai. Akaiangalia. Unga ulikuwa umeelea juu.

"Hii nini?"

Ningesema vumbi. Ningesema sijui. Lakini mimi nilikuwa na habari kubwa tumboni, na habari kubwa bila chumvi si habari. "Ni unga wa boriti, Baba Mkubwa! Unaanguka kila siku. Jana tumekusanya kibaba kizima. Boriti yote imekwisha, imebaki ngozi tu! Ukipiga chafya, nyumba inalala chini."

Hakucheka. Aliingia ndani, akabandua siling bodi moja, akapanda juu ya kiti, akachomeka kisu kwenye kichwa cha boriti. Kisu kikaingia mpaka mpini. Akashuka uso umebadilika.

"Mama, nyumba hii itakuua."

"Nitakufa siku yangu."

"Baada ya Idd nakuja na vijana tuivunje. Nitajenga ya matofali, mbele duka. Wewe utakaa kwangu Mazinde. Kuna chumba nyuma ya duka, kina feni. Mtoto atarudi kwa wazazi wake kwenye chai."

Mtoto ni mimi. Baba na Mama walikuwa vibarua wa chai upande wa Bumbuli, wanaishi chumba kimoja, na mimi nilikuwa nimelelewa na Bibi tangu kuachishwa ziwa. Kwa sentensi moja ya majigambo nilikuwa nimempeleka Bibi jotoni, mwenyewe nimejipeleka Bumbuli, na nyumba nimeivunja. Nililia mpaka nikapata homa. Nasema homa; pengine ilikuwa mafua.

Bibi hakunipiga. Hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Mazinde! Kule hata mbuzi huomba kivuli. Nitakauka kama kisamvu." Kisha akamfuata mwanawe mpaka kwenye lori. Nilikuwa nyuma yake, nimeng'ang'ania khanga.

"Mwanangu, wewe umeona kichwa tu. Mtu akiumwa kidole, anakatwa shingo?"

"Mama, imeoza."

"Nikiitibu?"

Baba Mkubwa akavuta pumzi. Alikuwa amechoka kubishana na mama yake mbele ya tanboi, msaidizi wake wa lori. "Boriti hiyo ikiweza kunibeba mimi, Mama, sitavunja hata ukuta wa choo." Akakipiga kitambi chake kama ngoma, tanboi wake akacheka, wakaondoka.

Bibi akageuka. Sijapata kuyaona macho yale tena. "Umesikia alichosema?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hilo ndilo la kwenda kutangaza. Nenda. Usibakize nyumba."

Kwa hiyo nikatumwa kusema. Nilisema, ndugu yangu! Nilipita kila kilima. Kufikia magharibi watu walikuwa wakisimulia kwamba Baba Mkubwa amekula kiapo msikitini kwamba atapanda darini na magunia mawili mgongoni. Hapo hakuweza tena kurudi nyuma bila kuchekwa kuanzia Soni mpaka Mtae.

Fundi alipatikana kwa njia ya jirani. Alikuwa mzee wa Kingoni aliyekuja kwenye chai akiwa kijana, akawa seremala wa kampuni, na kampuni ilipopunguza watu akapunguzwa yeye na sanduku lake la vifaa. Alikuwa mwembamba kama fito, mkristo wa kuimba tenzi huku akipiga randa. Baada ya miaka thelathini milimani, Kishambaa chake chote kilikuwa neno moja.

"Onga mshi," Bibi akamsalimu mlangoni.

"Tiwedi!" akajibu kwa nguvu, na lugha ikaishia hapo.

Hakuchomeka kisu. Alikunja kidole, akaanza kugonga boriti kutoka mbele kuja nyuma, sikio limeegemea mti. Akaniita. "Njoo wewe mwenye mdomo. Tuone kama una masikio." Nikapanda ngazi. Akagonga: ko. Akasogea: ko. Ko. Ko. Hatua baada ya hatua, sauti kavu, ya kujibu, kama mtu mzima anayeitika akiwa na nguvu zake. Tulipokaribia ukuta wa nyuma, ikabadilika. Pu. Kama kugonga mkate.

"Imeoza kutoka wapi?" akaniuliza.

Nikaonyesha. Ilikuwa hatua mbili tu za mtoto. Hatua mbili! Nyumba nzima ilikuwa imehukumiwa kwa hatua mbili, na mimi nilisema imebaki ngozi.

"Mama," Fundi akamwambia Bibi, "huyu mgonjwa ni mzima. Ana jino bovu tu. Lakini jino nitalipata wapi? Mkulo siku hizi bwana misitu hataki hata uutazame. Nikiunga na mkaratusi utapinda, nikiunga na mgrivea wadudu watashukuru Mungu."

Bibi alijifunga khanga. Alitoka nje, akasimama mbele ya benchi. Akalitazama kama unavyomtazama mtoto kabla ya kumpeleka bweni. Jirani, aliyekuwa amekaa juu yake akimenya viazi na koti lake la manyoya, akatazama juu.

"Nini?"

"Inuka," Bibi akasema. "Ndugu yake anamwita."

Siku ya kazi Bibi aliita ngemo, ndiyo ile desturi yetu ya kuitana kusaidiana: unapika, watu wanakuja, kesho wewe unaenda kwao. Alitia makande kwenye sufuria la arusi na kuchemsha ndizi na maharage ya fiwi. Lakini ruksa ilikuwa imekula ngemo pia. Ilikuwa siku ya soko, na wanaume wote wenye mgongo walikuwa wakipakia kabichi kwenye malori. Walikuja wanawake tisa, vikongwe wawili na mwanamume mmoja mwenye mguu mbovu aliyekuja kwa ajili ya makande na alisema hivyo wazi.

Fundi alishika kiuno. "Mama, nahitaji watu wa kuinua dari."

"Hawa ni nini, kuku?"

"Kazi ya kabari ni ya kupiga pamoja. Ukipiga huku mara mbili na kule mara moja, boriti inapinda, ukuta unapasuka, tunazikwa wote. Hata wanaume wa kampuni walikuwa wakinishinda."

Nikueleze ilivyokuwa. Ili kukata kichwa kilichooza, lazima uzito wa dari utoke juu yake. Fundi alisimamisha nguzo tatu za mkaratusi chini ya sehemu nzima ya boriti, na chini ya kila nguzo akaweka kabari mbili zinazotazamana. Zikigongwa, nguzo hupanda kidogo, na dari hupanda nayo. Lakini zote tatu kwa mwendo mmoja.

Jirani akavua koti la manyoya. Nilijua kuna jambo, kwa sababu koti lile hakulivua hata kwa kuoga. "Baba," akamwambia Fundi, "umewahi kuona wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja?"

"Nimeona."

"Umewahi kuona mchi umempiga mtu mkono?"

Fundi akawapisha. Wanawake wakatawanyika makwao, wakarudi na michi mabegani kama jeshi. Wawili wawili kwenye kila nguzo. Na Bibi akaanza, bila wimbo, kwa pumzi tu, ile hm! ya kutwangia. Hm! Michi ikashuka. Hm! Ikashuka tena. Mapigo sita yakasikika kama pigo moja. Vumbi likatoka kwenye nyufa za dari. Nyumba ikalia, kiii, kama mlango wa jini, na yule mwenye mguu mbovu akatoka nje mbio, akiwa na miguu mizima yote miwili.

"Endeleeni," Bibi akasema.

"Ikianguka, iniangukie," Jirani akasema akihema. "Angalau sitapalilia tena."

Hm! Fundi alikuwa juu ya ngazi, kichwa ameinamisha upande, jicho kwenye kichwa cha boriti. Ghafla akainua mkono. Kati ya boriti na nguzo ya ukuta palikuwa na mwanga. Upana wa kidole. Nilipanda ngazi, nikapitisha kidole changu nikaona kimetokea upande wa pili, na sijawahi tena kupitisha kidole mahali kwa furaha kama ile.

Kisha msumeno. Fundi alikata kwanza pale nilipomwonyesha, kichwa kikaanguka kikapasuka kama andazi la juzi. Akaokota vumbi la mbao akaninusisha.

"Unasikia nini?"

"Hakuna kitu."

Akasogea upana wa kiganja, akakata tena. Akaninusisha. Bado. "Mti uliooza hauna harufu, na mti uliougua unanuka kidogo. Tunakata mpaka harufu irudi." Mara ya tatu msumeno ulipoingia, nyumba nzima ilijaa. Kafuri! Ilipanda puani, ikatutoa machozi, wanawake wakaanza kupiga chafya. Bikizee mmoja akafunika uso kwa khanga.

"Astaghafirullah, inanukia maiti."

"Maiti hupakwa kafuri asioze upesi," Bibi akajibu. "Huyu amejipaka mwenyewe akiwa hai. Msimlilie."

Lile benchi Fundi alilichonga siku mbili, akiimba tenzi zake, na Bibi akimpa chai kila alipofika kiitikio. Hakuikata boriti wima. Aliikata mshazari mrefu, na benchi nalo mshazari uleule, vikalaliana kama viganja viwili vya mtu anayeomba, na katikati akaacha kijino ili kimoja kisiteleze juu ya kingine. Hakutumia msumari hata mmoja. Alitoboa kwa keekee na kupigilia vigingi vya mbao ngumu. "Msumari unashika kutu," alinifundisha, "kutu inashika maji, na maji unayajua." Sehemu iliyokuwa ya kukaliwa, ile iliyong'aa, aliiacha itazame juu, darini. Sehemu ya chini aliipapasa kwa mkono, akakutana na kitu, akakisugua kwa kidole gumba, akamtazama Bibi. Bibi akaweka kidole mdomoni. Mimi sikuambiwa.

Siling bodi zote tulizing'oa. Bati likazibwa. Mafiga yakarudi ndani.

Siku ya nne baada ya Idd, lori likaja. Nyuma vijana sita na nyundo zao. Baba Mkubwa akashuka, kanzu mpya, akatazama watu waliojaa uani. Ulimi wangu ulikuwa umefanya kazi yake: kijiji kizima kilikuja, wengine na viti vyao.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Akageuka kukaa, kama alivyokaa pale maisha yake yote, kwa mazoea, bila kutazama. Jirani alimdaka mkono tumbo likiwa tayari linaelekea chini. Pale palikuwa na mawe mawili tu.

"Benchi liko wapi?"

"Limepanda juu," Bibi akasema. "Ukitaka kulikalia, panda."

Watu walicheka mpaka kuku wakaruka. Baba Mkubwa aliangalia vijana wake, vijana wakaangalia nyundo zao. Akakunja kanzu, akaingia ndani. Ngazi ililalamika kwa kila hatua. Sisi wote tulikuwa tumebanana mlangoni na madirishani, na mimi nilikuwa chini kabisa ya boriti, pembeni ya moto, nimeamua kwamba ikianguka inikute pale. Ndiyo haki. Nilisema imebaki ngozi.

Akatambaa darini kati ya maboga. Akafika nyuma. Akaketi kwenye kile kipande kilichong'aa, uzito wote, ruksa yote. Nilifumba macho, nikasikiliza kwa masikio niliyofundishwa.

Boriti haikusema neno.

"Tikisika!" Jirani akapiga kelele. "Usitudanganye, jipime vizuri!"

Akajirusha kidogo. Kimya. Akajirusha tena. Boga moja likabingirika, basi. Bibi hapo akaongeza kuni kwenye moto, mbichi mbichi, moshi mzito ukaanza kupanda. Tukamsikia Baba Mkubwa akikohoa, kisha tukaona vidole vyake vikishuka kati ya mbao, vikipapasa chini ya boriti. Alikaa muda mrefu kuliko kiapo. Watu wakaanza kuulizana kama amelala. Aliposhuka, macho yalikuwa mekundu, na alisema ni moshi.

Aliwaambia vijana wapakie siling bodi, wamrudishie dukani. Kwa mama yake alisema jambo moja tu: "Mama, kumbe uliacha ule mchoro."

"Nilikuchapa kwa ajili ya ule mchoro," Bibi akasema. "Ningeuondoaje?"

Nilipanda kesho yake kutazama. Chini ya lile benchi, upande ambao kwa miaka yote ulitazama ardhi, mtoto fulani alikuwa amechonga lori kwa kisu. Magurudumu manne, bodi, na dereva mwenye kichwa kikubwa kuliko lori lenyewe. Nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu ile chai.

Bibi alifia katika nyumba ile, miaka mingi baadaye, kwenye ukungu wake alioupenda, na alipakwa kafuri kama desturi. Fundi alirudi kwao Songea au alizikwa Bumbuli, watu wanabishana. Sanduku lake la vifaa sijui liko wapi. Michi imebaki kwa ajili ya arusi, maana kuna mashine ya kukoboa. Ngemo ukiita leo, watu watakuuliza kwanza posho. Mkulo nao, nenda Magamba ukautafute, na ukiuona uusalimie kwa kunong'ona. Baba Mkubwa alijenga duka lake lile, upande wa pili wa barabara, la matofali, zuri. Lilipasuka ukuta mvua ya tatu. Sicheki. Nacheka kidogo.

Basi mtoto wa kaka yangu, ambaye ni mjukuu wa yule mwenye lori, nilimnyang'anya simu nikaiweka mfukoni, nikampandisha darini. Nikamwambia kunja kidole, uanze mbele. Ko. Ko. Ko. Akafika kwenye kiungo, akasita.

"Gonga."

Ko.

Nikamwelekeza apitishe mkono kati ya mbao, apapase chini ya boriti. Vidole vyake vikatembea, vikakuta gurudumu la kwanza, la pili, kichwa kile kikubwa. Akayarudia tena, taratibu. Nikashuka kumwachia nafasi, nikapanga mafiga, nikawasha moto, nikatia kuni mbichi moja kwa makusudi. Baada ya dakika chache nikamsikia huko juu anakohoa.

"Shangazi! Moshi!"

"Vumilia," nikamwambia. "Boriti inakula."